Vyote vilikuwa na tiki: kisa cha fildi ya jiolojia kando ya Ziwa Natron

Karatasi yenyewe ya orodha ya vifaa bado ninayo. Ni kurasa tatu zilizobanwa pini, vitu 94, kila kimoja na kisanduku chake pembeni, na kila kisanduku kina tiki ya kalamu nyekundu. Tiki hizo niliziweka mimi, jioni ya kuamkia safari, nimesimama mlangoni pa stoo huku vijana wakipitisha mizigo mbele yangu. Nasema hivi mapema kwa sababu kila ninaposimulia kisa hiki, swali la kwanza huwa: "Kwani mlisahau nini?" Hatukusahau kitu. Tulihangaika siku tisa porini, na karibu kila kilichotuhangaisha kilikuwa na tiki.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Yetu ilikuwa na daftari.

Mimi ni fundi sanifu wa maabara ya jiolojia katika chuo kimoja cha pwani. Mbali ya kukata miamba na kusaga sampuli, ndiye ninayetunza stoo ya fildi, yaani ya masomo ya nje porini: mahema, madumu, nyundo, dira, masufuria, hadi kamba za kuanikia nguo. Naandika kwa ajili ya wenzangu wa stoo, na kwa mwanafunzi anayefungasha begi la fildi kwa mara ya kwanza. Sehemu kubwa ya makosa nitakayoyataja ni yangu, kwa hiyo sitamsumbua mtu kwa jina.

Safari ilivyopangwa

Ilikuwa Julai, fildi ya mwaka wa pili. Wanafunzi 22, walimu wawili, mimi, mpishi, madereva wawili na utingo mmoja. Watu 29. Watu walipanda basi dogo, mizigo ikapanda Fuso ya kukodi. Mpango ulikuwa kulala usiku tano Engare Sero, kusini mwa Ziwa Natron, halafu usiku tatu ukingoni mwa kreta ya Ngorongoro ili tushuke Oldupai, korongo la visukuku vya binadamu wa kale.

Mtu wa jiolojia haulizi kwa nini Natron. Ukisimama pale kambini, Ol Doinyo Lengai iko mbele yako, karibu mita 2,960 juu ya usawa wa bahari, volkano pekee hai duniani inayotoa lava ya natrokarbonataiti, yaani yenye magadi mengi. Lava ya basalti, ule mwamba mweusi wa kawaida wa volkano, hutoka ikiwa na nyuzi joto 1,100 hivi. Hii ya Lengai hutoka na nyuzi 500 hadi 600, ikiwa nyeusi na nyepesi kama tope, kisha ikikutana na unyevu wa hewa inageuka nyeupe ndani ya muda mfupi. Upande wa magharibi ukuta wa Bonde la Ufa umesimama, basalti zake zikionekana tabaka juu ya tabaka kama vitabu rafuni. Mashariki kuna Gelai, mlima uliotikisika Julai 2007 kwa tetemeko la ukubwa wa 5.9; wiki chache baadaye Lengai nayo ikaacha kutiririka kwa upole na kuanza kulipuka. Na karibu na kijiji, kwenye majivu yaliyoganda, kuna nyayo za binadamu zaidi ya 400 zilizoachwa maelfu ya miaka iliyopita. Mwanafunzi anayafikia yote hayo kutoka kambi moja.

Tatizo ni kwamba kambi zetu mbili hazifanani hata kidogo. Engare Sero iko kwenye mita 600 hivi, na hata Julai jua lake la mchana linachoma. Ukingo wa Ngorongoro uko kwenye mita 2,300 hivi, na Julai ndipo baridi yake inapokaza. Orodha yetu ilikuwa moja.

"Yapo"

Tulifika saa mbili na nusu usiku. Barabara ya vumbi kutoka Mto wa Mbu kupitia Engaruka haina haraka na mtu, kuna geti na risiti, halafu geti jingine na risiti nyingine, na tairi la basi lilitupasukia njiani. Upepo ulikuwa umeshaanza. Aliyelala Natron anaujua: jioni unashuka kutoka ukutani kama uliofunguliwa bomba, umebeba majivu, na unaingia mpaka kwenye meno.

Mwanafunzi mmoja akanifuata. "Kaka, mahema yako wapi?"

Nikamjibu, "Yapo."

Yalikuwepo kweli. Yalikuwa chini kabisa, mbele ya bodi ya lori, kwa sababu stoo yetu imepangwa hivyo: mahema na taa viko karibu na mlango, vikatoka kwanza, vikapakiwa kwanza. Juu yake yakaja maturubai na masufuria, magunia ya unga na maharage, kisha madumu ya maji, kisha mabegi ya wanafunzi. Masanduku ya vifaa vya kupimia nilitaka yakae nyuma kabisa, karibu na mlango wa lori, yasigandamizwe. Basi usiku ule, gizani na kwenye upepo, kitu cha kwanza kushushwa kilikuwa dira, lenzi za mkononi na jipiesi, vitu ambavyo hakuna mtu angevihitaji mpaka asubuhi. Vikawekwa chini kwenye majivu, na watu 29 wakaanza kupita juu yake wakitafuta tochi za kichwani. Na tochi zenyewe zilikuwa kwenye kopo lililozungushiwa gamu tepu, ndani ya sanduku la taa, chini ya mahema.

Madumu yalikuwa 22 ya lita 20. Hesabu yake najivunia mpaka leo: lita tano za kunywa kwa mtu kwa siku, watu 29, siku tatu, ni lita 435, na dumu 22 ni lita 440. Maji ya ukanda huu usiyategemee bila kuyajua. Mengi yana chumvi na floraidi nyingi, na floraidi haiondoki kwa kuchemsha. Ukichemsha sana maji yanapungua, yenyewe inabaki. Kwa hiyo kubeba maji hakukuwa kosa. Ila kila dumu lilishushwa kwa mkono, moja moja, kabla hema la kwanza halijaonekana. Kilo 440 kati ya mtu na usingizi wake.

Mahema yalipopatikana, vigingi havikushika. Majivu ya volkano yaliyokauka hayana tofauti na unga. Unakipigilia kigingi kinaingia chote kwa ngumi mbili, upepo unavuta, kinatoka. Mwalimu mmoja aliyezoea akasema tufukie mizigo badala ya vigingi: jaza mfuko mchanga, funga kamba katikati yake, ufukie kwa kina cha mkono, hema haliendi kokote. Ni njia nzuri, nami naipendekeza kwa yeyote anayepiga kambi kwenye majivu au mchanga. Mifuko iliyokuwa karibu ilikuwa ile ya kitambaa ya kuwekea sampuli. Orodha ilisema: mifuko ya sampuli, 120, tiki. Usiku ule tulifukia hamsini na kitu. Hamsini hiyo tutakutana nayo tena.

Dira zilizong'aa

Hapa nitakaa kidogo, maana ndipo palipoliwa siku nzima ya masomo.

Siku ya pili wanafunzi walipelekwa kwenye korongo lenye tabaka za tafu, yaani majivu ya zamani yaliyoshikamana yakawa mwamba, zikiwa zimeinama kidogo. Makundi sita, kila kundi na dira yake, zoezi moja: pimeni mwelekeo wa tabaka (limeelekea upande gani wa dira) na mwinamo wake (limeinama nyuzi ngapi), mahali pale pale. Majibu yakaja. Mwinamo: saba, nane, nane, tisa, saba, nane. Safi. Mwelekeo: makundi yalitofautiana hadi nyuzi 40. Tabaka moja, jua moja, na ramani sita.

Mwalimu alianza na dhana ya kawaida kwamba vijana hawajui kushika dira. Akawaonyesha upya. Wakapima tena, tofauti ikabaki. Akahamia dhana ya pili, chuma. Basalti ina sumaku yake na nyundo kiunoni zinavuta sindano. "Nyundo zote wekeni kule." Zikawekwa kule. Bado. Mchana ukaingia, madumu mawili yakaisha, na vijana wakaanza kuandika jibu la kundi la jirani, jambo ambalo kwa fildi ni baya kuliko kukosea.

Mimi nilikuwa nimekaa kivulini nikilinda maji. Kilichonigutua ni ile mistari miwili ya namba kwenye daftari. Mwinamo hupimwa kwa klinomita, kidude kinachoning'inia kwa uzito wake ndani ya dira, hakijui sumaku wala kaskazini. Mwelekeo ndio unaotegemea sindano. Asiyejua kushika dira angekosea vyote viwili. Hawa walipatia kimoja kwa pamoja, wakakosea kingine kila mtu kivyake. Maana yake mikono yao ilikuwa sawa na sindano ndiyo mgonjwa.

Nikachukua dira moja, nikailaza kiganjani ikiwa sawasawa kabisa, nikaigonga kidogo kwa kidole. Sindano haikucheza. Ncha yake ya kusini ilikuwa imeinama mpaka inagusa sakafu ya kibweta chake. Ukiiinamisha dira inajinasua na kuzunguka, ukiirudisha sawa inakwama tena pale ilipofika. Kila kundi lilikuwa linasoma mahali sindano ilipochoka.

Sababu yake si fumbo, ila stoo nyingi haziifikirii. Nguvu ya sumaku ya dunia haivuti sindano kwenda kaskazini tu. Inaivuta pia kwenda chini au juu, kutegemea uko wapi. Kaskazini mwa Ulaya ncha ya kaskazini huvutwa kuelekea ardhini kwa karibu nyuzi 70, kwa hiyo kiwanda huongeza kauzito kwenye ncha ya kusini ili sindano ikae sawa. Kwetu ni kinyume. Ikweta ya sumaku hapa Afrika Mashariki haifuati ile ya ramani, inapita juu kabisa, Ethiopia. Kaskazini mwa Tanzania tayari tuko kusini mwake, na inayovutwa chini ni ncha ya kusini, kwa nyuzi 25 hadi 30. Ukileta dira iliyosawazishwa kwa ajili ya Ulaya, dunia inaivuta ncha ya kusini chini, na kale kauzito ka kiwanda kapo kwenye ncha hiyo hiyo. Wawili wanamkandamiza mmoja.

Dira zile sita zilikuwa mpya, za msaada, bado na karatasi yake ya nailoni. Zilikuwa za aina iliyozibwa na kujazwa kimiminika, hazifunguliki. Na stoo nilikuwa nimeacha sita nyingine, kuukuu, vioo vimekwaruzika, zimevikwa soksi. Hizo zinafunguka, na ndani sindano yake ina waya mwembamba wa shaba uliozungushwa, ambao fundi aliyenitangulia aliusogeza kutoka ncha moja kwenda nyingine miaka hiyo. Aliwahi kunionyesha. "Kijana, huu waya usiuguse," alisema. Niliona ni mambo ya wazee. Siku ya kuchagua nilichagua zilizong'aa.

Tulimaliza zoezi kwa dira binafsi ya mwalimu na kwa simu za wanafunzi. Simu, kwa kweli, iliishinda dira mpya, maana kipimo chake cha sumaku hakina sindano ya kukwama, mradi uvue kava lenye kifungo cha sumaku. Lakini simu ina njaa ya chaji, na pawabenki zilikuwa nne kwa watu 29.

Kwenye karatasi yangu: "Dira za kijiolojia, 6, mpya." Tiki.

Soli

Siku ya tatu tulitembea kwenye makorongo ya miguuni mwa Lengai. Saa nne asubuhi binti mmoja, mtembeaji mzuri kuliko wote, alisimama akaangalia nyuma. Soli yake ya kulia ilikuwa imebaki hatua tatu nyuma. Ilipofika saa sita walikuwa watatu.

Buti zote tatu zilikuwa za mitumba, za bei nzuri, za kampuni kubwa, na kwa macho zilikuwa kama mpya. Hapo ndipo mtego ulipo. Buti nyingi za milimani zina tabaka la poliurethani, plastiki laini kama sponji, kati ya soli ya nje na ngozi, lile linalofanya zikanyage kwa ulaini. Poliurethani hulika na unyevu wa hewa taratibu, hata kiatu kikiwa kabatini. Kiatu kilichokaa miaka mingi bila kuvaliwa kinaweza kuonekana kipya na ndani kimeshakuwa andazi la juzi. Siku unapokivaa kwa kazi, kinamumunyika. Ndiyo sababu gundi haikusaidia. Fundi wa viatu angekuambia gundi inahitaji kitu cha kushika, na pale palikuwa na unga tu. Kiatu kikuukuu kilichovaliwa kila wiki na kushonwa pembeni kwa uzi wa nailoni kingewafaa zaidi.

Tulifunga soli kwa kamba za hema, zikarudi kambini zikipiga makofi. Kiongozi wetu wa njia, mzee wa Kimaasai wa kijijini, alimuangalia yule binti, akaangalia katambuga zake mwenyewe za tairi, akasema kwa upole, "Hii ya kwangu, mwanangu, ilikuwa gari." Jioni ile katambuga jozi tatu zilinunuliwa kijijini, na wale watatu walimaliza Natron nazo, soksi mbili mbili. Sizipendekezi kwa kazi ya nyundo, maana kipande cha basalti kikiruka hakichagui kidole. Lakini tairi halimumunyiki.

Nami niliweka tiki kwa kuangalia miguu. Ningekunja soli kwa mikono, au ningewataka vijana wavae buti zao wiki tatu mfululizo pale chuoni kabla ya safari, zingekufa mapema, kwenye lami, jirani na duka.

Magazeti, na ile mifuko hamsini

Siku ya nne tulikwenda Pello, kilima kidogo cha majivu kinachopendwa na watu wa miamba kwa sababu volkano yake ilitapika vipande kutoka chini ya ganda la dunia. Ni mawe ya kijani na meusi, mazuri, mazito, na mengine yanavunjika ukiyabana tu. Sampuli kama hizi hufungwa kwenye gazeti moja moja, huandikwa namba juu ya jiwe lenyewe, halafu juu ya mfuko, halafu kwenye daftari.

Magazeti hayakuwepo. Yalikuwepo Dar, yalikuwepo kwenye lori, yalikuwa na tiki: "Magazeti ya zamani, kilo 5." Mpishi aliyakuta kwenye sanduku lisilo na jina jirani na mkaa, akafanya ambalo mpishi yeyote angefanya. Nilipomuuliza alishangaa. "Sasa mzee, magazeti ya kwenye mkaa ni ya nini kama si ya kuwashia?" Sikuwa na jibu, maana niliyeyaweka jirani na mkaa ni mimi.

Hapo ndipo ile mifuko iliyofukiwa chini ya kamba za mahema ilipodai haki yake. Ilikuwa imebaki sitini na kitu kwa wanafunzi 22 walioshikwa na uroho wa mawe. Wakaweka mawe mawili matatu mfuko mmoja, bila gazeti, namba zimeandikwa kwa kalamu ya alama. Lori likatikisika kuanzia Engare Sero hadi Mto wa Mbu. Tulipofungua, mawe yalikuwa yamesuguana mpaka namba zimefutika, na mengine yamekuwa kokoto. Sampuli 14 hatukuweza kusema zilitoka wapi, na jiwe usilojua lilikotoka ni jiwe la kuzuia mlango. Mawili yanazuia mlango wa maabara yangu hadi leo.

Asidi nayo karibu itutie hasara. Chupa ya asidi ya haidrokloriki ya asilimia 10, ile ya kudondoshea mwamba kuona kama unatoa povu, niliipakia sanduku moja na nyundo na lenzi. Haikumwagika. Ilipumua tu kwenye joto, na mvuke wake ukazivika kutu nyundo zote za juu kwa siku nne.

Ngorongoro, kwa kifupi

Baridi sitaieleza sana. "Nguo za baridi" lilikuwa neno kwenye orodha, na kila mwanafunzi alikuwa na sweta la pamba lenye kofia. Ukungu wa ukingoni unalilowesha pamba usiku mmoja, na asubuhi unavaa maji. Wawili walilala kwenye basi. Dereva wa Fuso, aliyewahi kupeleka watalii huko, alikuwa na blanketi mbili na koti zito nyuma ya kiti tangu Dar. Hakuna aliyemuuliza, naye hakudhani wasomi wanahitaji kuambiwa.

Nyundo 22 zilikaa kwenye lori siku zote hizo bila kazi, kwa sababu ndani ya hifadhi huruhusiwi kugonga wala kuokota mwamba bila kibali. Zilikuwa mzigo tu.

Lakini kwenye ule mchanga unaohama, jirani na Oldupai, ile tuta nyeusi yenye umbo la mwezi mwandamo iliyotokana na majivu ya Lengai, nilikuwa na sumaku mfukoni, niliyoichomoa kwenye spika ya redio mbovu. Nikaipitisha juu ya mchanga, ikavaa ndevu. Vijana walipokezana sumaku ile nusu saa nzima, na maswali waliyouliza hapo hayakuulizwa kokote kwingine safari nzima. Haikuwa kwenye orodha.

Nilivyokielewa

Tuliporudi, mwalimu mkuu wa fildi aliomba orodha mpya, ndefu zaidi. Nilikataa, kwa adabu. Orodha ndefu zaidi ingekuwa na sindano na uzi wa viatu, magazeti kilo 10, blanketi, pawabenki, na ingetuangusha vile vile, kwa sababu orodha yetu iliuliza swali moja tu kwa kila kitu: kipo? Mahema yalikuwepo. Dira zilikuwepo. Haikuuliza kitatumika saa ngapi na siku gani, nani atakishika, na kama kinafanya kazi mahali tunapokwenda.

Kwa hiyo badala ya kuandika vitu, sasa tunaandika siku. Naanza na saa ya kufika kambi ya kwanza, usiku, na upepo, na tairi limepasuka, hata kama ratiba inasema tutafika saa tisa alasiri. Saa hiyo mtu anahitaji nini mkononi? Hivyo ndivyo vinavyopakiwa mwisho: mahema, mifuko ya kufukia ya sandarusi, jembe la mkono, na tochi zimekaa kwenye basi, kwenye mifuko ya watu, na betri zimo. Maji yanapakiwa pembeni mwa lori, dumu nne tu mlangoni. Kisha naenda asubuhi ya siku ya pili, ya tatu, mpaka mwisho, na lori linapakiwa kinyumenyume. Ngorongoro ina sanduku lake la rangi nyingine, halifunguliwi Natron hata kwa dawa.

Kila sanduku lina jina la mtu. Magazeti ni ya mwanafunzi fulani, na mpishi anajua. Dira zinajaribiwa uani pa maabara wiki mbili kabla: ilaze, igonge, iache, isiyotulia mahali pamoja mara tano haiendi. Zile kuukuu zimevuliwa soksi. Zile mpya zinafaa kufundishia darasani ugonjwa wa sindano, na kazi hiyo zinaifanya vizuri sana. Asidi inasafiri peke yake, kwenye ndoo yenye mchanga na mfuniko.

Mwalimu mmoja hakubaliani nami mpaka leo. Anasema mwanajiolojia anakomazwa na shida, na kwamba vijana wale walijifunza zaidi kutokana na dira mbovu kuliko ambavyo wangejifunza kutokana na nzima. Kuhusu dira nampa haki yake. Nusu ya wanafunzi wale wanaweza kukueleza ikweta ya sumaku usingizini. Kuhusu soli simpi. Hakuna somo la jiolojia kwenye malengelenge.

Mwaka uliofuata tulikwenda tena, njia ile ile, tukafika magharibi. Dakika arobaini mahema yote yalikuwa yamesimama, dira zimelala salama kwenye basi, maji mlangoni, mkaa umepangwa jikoni, maharage yameloweshwa tangu Mto wa Mbu. Mpishi akainama kwenye jiko, akajipapasa mifukoni, akaniangalia.

"Mzee, kiberiti."

Nikafungua karatasi. Kiberiti, boksi moja, mwenye dhamana: dereva wa basi. Na dereva wa basi alikuwa ameshageuza, anarudi Engaruka kutafuta dizeli.